Taa Zetu Zitazame Chini

Ndugu Mhariri,

Muhula huu Chama chetu cha Sayansi kimeirudia kazi ya kupiga picha za nyota, iliyoachwa tangu uwanja ulipotiwa taa kali. Wako wasemao kwamba kazi hiyo ni mchezo tu. Mimi sikubali. Musoma iko karibu digrii 1.5 kusini mwa Ikweta; kwa hiyo nyota za kaskazini na za kusini, karibu zote, hutupitia. Galaksi ya Andromeda iko umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 2.5, na kamera iliyotulia juu ya miguu mitatu yaweza kuinasa kwa kujumlisha picha nyingi. Lakini mwangaza wa taa nao hujumlishwa, ukaifunika.

Wavuvi wa dagaa huwasha taa ziwani usiku usio na mwezi; hiyo ni riziki yao, wala hatuwalaumu. Taa za shule ni jambo jingine. Hatuombi zizimwe, maana dada zetu waendao msalani usiku wanazihitaji. Twaomba zivikwe kofia za bati, nuru ishuke njiani. Njia itaonekana vema zaidi, na Kilimia pia. Bati chakavu lipo karakana, mikono tunayo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne