Mtoto amepungua kilo baada ya kuhama? Usiisingizie mizani

Tuseme mama amehama na mtoto wake wa mwaka mmoja kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Mwezi unaofuata anampeleka kliniki, mizani inasoma kilo 9.6. Anafungua kadi: mwezi uliopita, kilo 10. Akirudi nyumbani anaambiwa, "Usihofu, huku ni milimani, mizani ya huku haisomi kama ya pwani."

Maneno hayo yana ukweli kidogo sana. Tatizo ni kwamba ukweli huo kidogo unaweza kumchelewesha mtoto kupata msaada, kwa hiyo leo tuupime wenyewe.

Ni kweli dunia haivuti vitu kwa nguvu ileile kila mahali. Sayari yetu si mviringo kamili. Inajizungusha, na kwa sababu hiyo imetanuka kiunoni, kwenye ikweta. Anayesimama kwenye ikweta yuko mbali na kitovu cha dunia kwa takribani kilomita 21 zaidi ya anayesimama kwenye ncha ya kaskazini au ya kusini. Ukijumlisha na ule mzunguko wenyewe, mvutano wa ikweta unakuwa mdogo kuliko wa kwenye ncha kwa karibu nusu asilimia. Kupanda mlima nako kunaupunguza kidogo, na aina ya miamba iliyo chini ya ardhi inaubadilisha kidogo pia.

Jambo hili lilianza kuonekana zamani. Mwaka 1672 mwanasayansi Mfaransa, Jean Richer, alisafiri kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta. Saa yake ya pendulamu, iliyokwenda sawasawa Paris, kule ilichelewa kwa takribani dakika mbili na nusu kila siku. Saa haikuharibika. Mvutano wa kule ulikuwa mdogo, pendulamu ikawa inabembea polepole zaidi.

Sasa turudi kliniki. Mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso kama wa saa ambayo mtoto anavalishwa kikaptula, ina springi ndani. Inachopima ni jinsi dunia inavyomvuta mtoto. Mizani ya kielektroniki nayo hupima mvuto huo. Kwa hiyo, ndiyo, mahali panaweza kubadili namba. Swali ni kwa kiasi gani.

Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mizani ileile ikibebwa kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, kwa mtoto wa kilo 10 tofauti haizidi gramu 5. Hicho ni kama kijiko kimoja cha chai cha sukari. Hata mizani iliyorekebishwa Ulaya, kisha ikatumika hapa bila kurekebishwa tena, ingepunguza gramu 30 hivi. Mizani nyingi za kuning'iniza zina mistari ya gramu 100, kwa hiyo tofauti hizo hata huzioni kwa macho.

Mtoto wetu amepungua gramu 400. Mlima hauwezi kuzila.

Yapo mambo ya kawaida yanayovuruga kipimo, na hayo ndiyo ya kuangalia kwanza:

- Mshale haukuwa kwenye sifuri kabla ya mtoto kupandishwa. Mzazi una haki ya kuomba uangaliwe.
- Mwezi huu amepimwa bila nguo, mwezi uliopita alivaa sweta na nepi. Nepi iliyolowa peke yake inaweza kuzidi gramu 100.
- Mtoto alikuwa analia na kurusha miguu, mshale haujatulia, namba ikaandikwa.
- Mizani ni mbili tofauti, na moja imechakaa springi.

Ukiwa na shaka, omba apimwe tena palepale, akiwa na nguo nyepesi na ametulia. Ikiwa namba ni ileile, iamini.

Baada ya hapo jiulize nini kimebadilika nyumbani. Kuhama kunavuruga mengi. Pengine mtoto aliharisha au alipata homa. Pengine mama ameanza kazi, mtoto analishwa na dada, na milo imepungua kutoka minne hadi miwili. Pengine ameachishwa ziwa kwa haraka, na uji anaopewa ni mwepesi, hauna maziwa, karanga wala mafuta.

Kumbuka pia kwamba kipimo kimoja hakitoshi kusema yote. Angalia mstari kwenye kadi. Mstari unaopanda ni habari njema, hata kama mtoto ni mwembamba kuliko wa jirani. Uliolala, au unaoshuka, unahitaji maelezo ya mhudumu wa afya. Mtoto mchanga ni tofauti kidogo: ni kawaida kupungua siku za mwanzo, lakini kwa kawaida awe amerudia uzito wa kuzaliwa akifikisha wiki mbili.

Kuna kipimo ambacho hakitegemei mvutano kabisa: utepe wa mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mzunguko wa juu ya mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Kati ya 11.5 na 12.5 pia anahitaji kuangaliwa. Omba kipimo hiki ukienda kliniki.

Na usisubiri tarehe ya kliniki ikiwa mtoto anakataa kunyonya au kula, anatapika kila kitu, amelegea, au miguu yote miwili imevimba. Mpeleke sasa, na kadi yake mkononi.