UKULIMA: Usingizi wa Fukusi wa Maembe

Mkulima wa Idsowe, karibu na Garsen, apasuapo kokwa ya embe na kumkuta mdudu mweusi ndani yake, hustaajabu kuona kwamba ganda la tunda halina tundu hata moja. Tena msimu ukiisha, na miembe ya kando ya Mto Tana ikakaa bila matunda, mdudu huyo haonekani. Miembe itoapo maua, amekwisha rudi. Wako wasemao kuwa huletwa na upepo. Sivyo; alikuwa pale pale mtini, amelala katika nyufa za gome.

Huyu ni fukusi wa kokwa ya embe, ambaye urefu wake hautimii sentimita moja. Jike hutaga yai juu ya embe changa, na utomvu wa tunda hulifunika. Baada ya siku chache buu huanguliwa, akapenya nyama ya tunda mpaka kokwani, na njia aliyopita huziba embe likuapo. Humo hula hata akawa fukusi kamili, na kwa kawaida hutoka embe likiisha kuanguka na kuoza. Ndipo atafutapo maficho: ufa wa gome, takataka za majani, hata ukuta wa mawe. Hutembea usiku, na akiguswa hujifanya maiti. Kwa mwaka huzaa kizazi kimoja tu, maana watoto wake hawalelewi ila ndani ya embe.

Mbawakawa wa magome, waharibifu wakubwa wa misitu ya ng'ambo, ni wa ukoo mmoja na fukusi. Katika nchi za baridi, joto ndilo liwahesabialo siku. Baridi iingiapo hulala; kiangazi kikiwa kirefu, aliyezoea kuzaa mara moja huzaa mara mbili. Huko British Columbia, nchini Kanada, baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri iliwaua mabuu wa mbawakawa wa misonobari tangu zamani. Tangu miaka ya 1990 baridi kali namna hiyo imepungua, na misitu ya hekta zaidi ya milioni 18 ikapatwa.

Kenya nayo ina jamaa yao, mdudu mdogo atoboaye buni. Mwaka 2009 wataalamu, wengine wao wa taasisi ya ICIPE ya Nairobi, walieleza kwamba joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi hakui, wala likipita 32. Baridi ya milimani ni mlinzi wa kahawa asiyelipwa mshahara.

Idsowe haina mlinzi huyo. Joto la Garsen ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20, kwa hiyo fukusi halazwi na baridi wala hauawi nayo. Hulala kwa kufuata majira na miembe yenyewe, naye aweza kuishi zaidi ya mwaka. Mwembe ukikosa kuzaa msimu mmoja, si kwamba fukusi amekwisha. Hasara si ndogo: nyama ya embe huenda ikawa nzuri mezani, lakini nchi kadhaa hukataa shehena yenye mdudu huyu, na kokwa iliyoliwa mara nyingi haioti.

Basi kazi ambayo baridi huifanya kwingineko, hapana budi mkulima aifanye mwenyewe. Kunyunyiza dawa buu akiisha kuingia kokwani ni kupoteza fedha, kwa sababu haimfikii. Lililo bora ni kuokota maembe yote yaliyoanguka pamoja na kokwa zake, na kuyachoma au kuyafukia katika shimo refu. Kabla ya maua kuchanua, majani makavu yafagiliwe chini ya mwembe na magome yaliyolegea yabanduliwe. Wenye mashamba yanayopakana yafaa wafanye hivyo wakati mmoja, kwani shamba moja chafu hutosha kuyalisha mengine.

Fukusi huyu si hodari wa kuruka. Safari zake ndefu husafirishwa na watu. Embe lililonunuliwa mbali, likaliwa shambani na kokwa yake ikatupwa chini ya mwembe, laweza kumfikisha mahali ambapo mabawa yake yasingemfikisha.