Tusiwapakate watoto wachanga ndani ya magari



Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wananchi wenzangu wenye magari, hasa wale waliojaliwa mtoto mchanga hivi karibuni au wanaomtarajia. Nataka kusema juu ya tabia ya kumpakata mtoto mchanga garini, tena mara nyingi kwenye kiti cha mbele kando ya dereva. Na pale ambapo mzazi amejitahidi akanunua kiti cha mtoto, basi mara nyingi kiti chenyewe hakimfai mtoto wa umri ule, au kimefungwa kinyume.

Kila mtu ameshaona jinsi mtoto anavyoletwa nyumbani kutoka hospitali. Gari limeoshwa, mama mzazi amekaa nyuma na mabeseni na vikapu, na bibi amepewa kiti cha mbele kwa heshima yake, mjukuu mapajani, amefunikwa kanga mpya. Dereva anaambiwa aende polepole. Hakuna anayefikiri kuwa hapo pana hatari, kwa sababu wote tumeamini kuwa hakuna mahali salama kwa mtoto kuliko mikono ya mama au ya bibi yake.

Nyumbani ni kweli. Katika gari si kweli, na hesabu yake si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi tunayoamriwa kupita nayo vijijini, likigonga kitu na kusimama katika nafasi ya nusu mita, kila kilichomo ndani yake kinavutwa mbele kwa nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 5 anakuwa mzigo wa kilo 100. Hilo ni gunia la mahindi, ndugu Mhariri, na linakuja ghafla kwa muda usiofika hata nusu ya kupepesa jicho. Sijapata kumwona mama wala baba awezaye kulidaka gunia la mahindi kwa mikono miwili akiwa ameketi. Wale wanaopenda mfano mwingine wafikirie kudondoka kutoka juu ya mnazi wa mita 10, maana kishindo chake ni kile kile.

Wapo wanaojifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto wakidhani wamempa ulinzi. Hao wanamzidishia hatari, kwani mwili wa mtu mzima wa kilo 60 au 70 utamkandamiza mtoto kwenye mkanda. Na mtoto aliyebebwa mgongoni kwa kanga, mama akiegemea kiti, sina haja ya kueleza yatakayompata.

Sasa, kwa nini kiti cha mtoto mchanga kitazame nyuma ya gari na si mbele kama sisi? Kichwa cha mtoto anapozaliwa ni karibu robo ya urefu wake wote. Shingo inayokibeba bado ni changa, mifupa yake haijaungana sawasawa, sehemu zake zimeshikana kwa gegedu laini. Mtoto huyo akifungwa akitazama mbele, gari likigonga, mikanda itauzuia mwili lakini kichwa kitaendelea na safari, na mzigo wote utaiangukia shingo. Akiwa anatazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa vyote vinaegemea kiti kwa pamoja na nguvu inatawanyika. Ndiyo maana hiyo tu, haina siri nyingine.

Maarifa haya si ya jana. Profesa Bertil Aldman wa Uswidi aliyaanza katika miaka ya 1960, baada ya kuona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali ili migongo yao ipokee nguvu ya roketi. Kiti chake cha kwanza kilijaribiwa katika gari la Volvo mwaka 1964, na kampuni hiyo ikaanza kuuza cha kwake mwaka 1972. Huko Uswidi imekuwa kawaida mtoto kutazama nyuma hadi anapofika miaka 4 hivi. Idara ya usalama barabarani ya serikali ya Marekani nayo imekadiria kuwa kiti cha mtoto kikitumiwa kinapunguza vifo vya watoto wa chini ya mwaka 1 katika magari madogo kwa asilimia 71. Sijui ni dawa gani nyingine tuliyo nayo katika kabati zetu inayofikia hapo.

Wengine huuliza, je, tukigongwa kwa nyuma? Swali ni la haki. Lakini anayegongwa kwa nyuma kwa kawaida anakwenda upande ule ule na anayemgonga, kwa hiyo kishindo huwa kidogo kuliko cha magari mawili yanayokutana uso kwa uso pale ambapo mmoja amelipita lori kwenye kona. Na sote tunajua katika barabara zetu kuu ni ajali ipi inayotumaliza.

Basi mzazi anayetaka kununua afanyeje? Kwanza asidanganywe na sura. Nimekuta duka moja likiuza vikapu vya kubebea watoto, vile vyenye mshikio juu na kitambaa kizuri cha maua, na muuzaji anaapa kuwa ni vya gari. Ukikigeuza huoni njia ya kupitisha mkanda wa gari wala maandishi yoyote. Hicho ni kikapu cha kumbembelezea mtoto sebuleni. Kiti cha gari kina lebo iliyobandikwa au kushonwa na mtengenezaji. Vile vilivyopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa vina herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi, na kanuni yenyewe imetajwa: R44 ikiwa ni ya zamani, ambayo hupima kwa kilo, au R129 ikiwa ni mpya, ambayo hupima kwa urefu wa mtoto. Kwa R44 utafute namba ya kibali inayoanza na 03 au 04. Vya Marekani vina maandishi yao yanayosema vinafuata kanuni za usalama za nchi hiyo. Kisicho na lebo yoyote kiachwe dukani, hata kama kinauzwa bei ya nyanya.

Pili, mnunuzi asivutiwe na maneno kuwa kiti kimoja kitamtosha mtoto tangu kuzaliwa hadi darasa la sita. Viti vya namna hiyo vipo na vingine vina lebo halali, ila mara nyingi mtoto wa wiki mbili humezwa ndani yake kama punje ya mchele kwenye debe. Mikanda ya begani kwa mtoto anayetazama nyuma inapaswa kutokea usawa wa mabega yake au chini kidogo. Ikitokea juu ya masikio, kiti hicho ni kikubwa kwake.

Kuhusu vilivyotumika. Sisi ni watu wa kununua vilivyotumika, na gari lenyewe tunalolizungumzia huenda limeshakaa Japani miaka 10. Lakini kiti cha mtoto si sawa na shati. Plastiki huchoka kwa jua na kwa miaka, na ndiyo maana watengenezaji wengi huandika tarehe ya kutengenezwa na muda wa kutumia, ambao kwa kawaida ni kati ya miaka 6 na 10. Zaidi ya hapo, kiti kilichokuwa ndani ya gari lililopata ajali kinaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho. Cha dada yako au jirani unayemwamini, ambaye anakuambia tangu alipokinunua hakijapata ajali, kichukue na umshukuru. Cha kwenye lundo la bidhaa za ng'ambo, ambacho hakuna anayejua kilitoka katika gari gani, usikichukue.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kukijaribu kiti ndani ya gari kabla ya kulipa. Kiti kinaweza kuwa bora na gari likawa zuri, lakini vikakataana. Katika baadhi ya magari madogo mkanda wa nyuma ni mfupi, hauzunguki kiti ukafika kwenye kifungio. Katika magari ya zamani nafasi ya kati ina mkanda wa kiunoni peke yake, na viti vingi vya watoto wachanga vinadai mkanda wa kiunoni na begani. Magari ya miaka ya karibuni yana vyuma vya ISOFIX vilivyojificha kati ya kalio na mgongo wa kiti cha nyuma, pitisha vidole utavigusa, na kiti chenye ndoano zake hubanwa hapo pasipo kuhangaika na mkanda. Muuzaji asiyekubali ukijaribu kiti kwenye gari lako hapo nje, mwache na mali yake.

Kuna katazo moja ambalo halina mjadala. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa, ule ambao mafundi huuita eabegi, kama unafanya kazi. Mfuko huo hufumuka kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 200 kwa saa, na mahali unapogonga ni mgongo wa kiti, nyuma tu ya kichwa cha mtoto. Magari mengi tunayoagiza yana mfuko huo upande wa abiria wa mbele na hayana swichi ya kuuzima. Wala asitokee fundi wa chini ya mwembe akasema atakukatia waya. Mtoto akae nyuma. Bibi naye, kwa heshima zote, akae nyuma kando yake, amtazame mjukuu wake vizuri kuliko alipokuwa amempakata.

Wakati wa kufunga, soma kitabu chake. Kwa viti vya R44 njia ya mkanda kwa mtoto anayetazama nyuma imewekwa alama za buluu, basi zifuate hizo. Ukimaliza, kishike kiti pale mkanda unapopita ukitikise: kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu hakijabana. Mtoto afungwe mikanda ikiwa imemkaa mwilini kiasi kwamba huwezi kuifinya ikakunjika kati ya vidole. Blanketi likae juu ya mikanda, si chini yake. Na mlalo wa kiti uwe kama kitabu kinavyosema, kwani kiti kikisimama mno kichwa cha mtoto huangukia kifuani na pumzi ikazibika. Kwa sababu hiyo hiyo, safari ndefu ya kwenda Moshi au Mbeya isimamishwe kila baada ya saa 2 hivi mtoto atolewe, anyooshwe, anyonye. Watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, wazazi wao wamwulize daktari kwanza. Nyongeza kwa sisi tunaoishi kwenye joto: gari likiegeshwa juani, kifunike kiti kwa kanga, maana vifungo vya chuma huungua kama kikaango. Mtoto mwenyewe asiachwe humo hata dakika tano.

Halafu kuna haraka ya kumgeuza. Mtoto akitimiza miezi tisa au mwaka, wazazi wanaona miguu imekunjwa, wanamhurumia, wanamgeuza atazame mbele. Kanuni ya R129 inataka atazame nyuma angalau hadi miezi 15, na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri mwaka 2018 abaki hivyo kadiri kiti chake kinavyoruhusu. Kipimo ni uzito au urefu ulioandikwa kwenye kiti, na kichwa kisifikie ukingo wa juu. Miguu si kipimo. Watoto hukaa wamekunja miguu siku nzima mkekani na hawalalamiki.

Najua nitaambiwa kuwa haya ni mambo ya matajiri, na kwamba wengi wetu tunapanda daladala na bajaji. Ni kweli, na hao nao wanastahili barua yao siku nyingine. Lakini leo nasema na mwenye gari. Mtu aliyeweza kununua rimu za kung'aa, spika za buti zima na vioo vyeusi hawezi kuniambia kiti cha mtoto kimemshinda. Kimemshinda kwa sababu hakuna rafiki atakayekisifu baa.

Kwa upande wa wahusika, Sheria yetu ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, wakati viti hivi vilikuwa vigeni hata Ulaya, kwa hiyo siwalaumu walioiandika. Ninaloomba ni matatu. Shirika la Viwango, TBS, lipite madukani na kuviondoa viti visivyo na lebo. Wauguzi wa kliniki za wajawazito, ambao tayari wanawaambia akina mama waandae nini kwa ajili ya kujifungua, waongeze neno moja juu ya safari ya kurudi nyumbani. Na Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani itakapofika, askari wa trafiki watuonyeshe hadharani, kwa gari halisi na mdoli wa kilo 5, namna kiti kinavyofungwa. Je, TBS wanaweza kutujibu kupitia gazeti hili ni viti vya aina gani walivyokwisha kuvikagua, na mnunuzi avitambue kwa alama ipi?

Mzazi,
Morogoro.