Neno "sanction": adhabu au ruhusa?

Ndugu wa makanisa ya mashariki, tangu Goma na Bukavu zilipotekwa mwanzoni mwa 2025, neno la Kiingereza "sanction" limejaa katika habari za vita. Hapa Mulungwishi, tunaposoma kwa Kifaransa na kuhubiri kwa Kiswahili, tumeona vema kulieleza, maana lina pande mbili zinazopingana.

Mtu akiwekewa "sanctions", ameadhibiwa. Lakini mkubwa akisemwa kuwa ame-"sanction" jambo, mara nyingi ameliidhinisha. Kifaransa nacho kina maana hizo mbili. Chanzo ni Kilatini, "sancire": kuithibitisha sheria iwe takatifu, isivunjwe. Ni ndugu ya "sanctus", yaani mtakatifu. Kuithibitisha sheria kulikwenda pamoja na kuweka adhabu ya atakayeivunja. Hivyo kibali na adhabu ni watoto wa tumbo moja.

Redio za Kiswahili zimechagua "vikwazo". Katika Biblia tunalijua neno hilo kama kitu kinachomfanya ndugu ajikwae. Wengine wakilisikia hudhani nchi nzima imefungiwa njia. Sivyo. Tarehe 20 Februari 2025 Marekani iliwataja James Kabarebe, waziri katika serikali ya Rwanda, na Lawrence Kanyuka, msemaji wa M23. Mali yao iliyo chini ya mamlaka ya Marekani ilizuiwa, na Wamarekani wakakatazwa kufanya nao biashara. Adhabu hiyo ina majina. Haimgusi mama anayeuza mihogo sokoni.

Tazameni pia Umoja wa Ulaya. Februari 2024 ulitia sahihi mapatano na Rwanda juu ya madini. Machi 2025 uliwaadhibu watu 9 pamoja na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Gasabo, kule Kigali, lakini mapatano yale haukuyafuta. Mkono mmoja uliadhibu, mwingine ukabaki umeshika kibali. Maana zote mbili za neno zilitimia mahali pamoja.

Basi mkisikia habari ya vikwazo vipya, msishangilie wala kukata tamaa upesi. Ulizeni kwanza: nani ameadhibiwa, kwa kosa gani, na ni nini ambacho bado kimeruhusiwa? Aliyekimbia nyumba yake Masisi hapati nafuu kwa orodha ya majina peke yake, ikiwa koltani na dhahabu zinaendelea kupita na kupata wanunuzi. Tuwaombee viongozi, na tuwadai waseme wazi wanachokataza na wanachokubali.