Moyo Mgonjwa Usifunge Mlango wa Tiba

Tunapotembelea wagonjwa parokiani, tunakutana na wazee waliozama katika sonona hadi wanakataa chakula. Daktari akitaja tiba ya mshtuko wa umeme, familia hujibu haraka: "Babu ana ugonjwa wa moyo, mtamuua!"

Hofu hiyo tunaielewa. Tiba hii ilipoanza Roma mwaka 1938, mgonjwa hakulazwa usingizi. Leo hupewa nusukaputi na dawa ya kulegeza misuli. Ni kweli, mapigo ya moyo huweza kupungua, kisha yakapanda pamoja na shinikizo la damu kwa dakika chache. Ndiyo maana moyo hupimwa kwanza.

Lakini kukataa chakula nako kunaua. Hatari zote mbili ziwekwe kwenye mizani moja.

Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwakumbusha madaktari kwamba wanatenda kwa ridhaa ya mgonjwa, wala mgonjwa halazimiki kubeba tiba yenye mzigo mzito. Basi, kabla ya kumjibia Babu, tumwulize mwenyewe. Akikubali, tumsindikize hospitali; akikataa, tusimwache peke yake.