Kabati la bafuni hufia miguuni

Wiki hii nina neno moja tu, nalo linahusu bafuni kwenu.

Kijana wa mjini akipata chumba chenye bafu la ndani, hakawii kutafuta kikabati cha taulo na sabuni. Anakwenda zake Keko, anapatana na fundi, anaondoka na cha msonobari maana bei ya mninga haishikiki. Hakuna ubaya hapo. Kasheshe inaanza baada ya miezi michache: mlango haufungi, miguu imekuwa myeusi, harufu ya ukungu imehamia kwenye taulo. Fundi anatukanwa, na kama mnaishi wawili, lawama zinamwangukia aliyekwenda kununua. Nimeshaona watu wakinuniana kwa kabati!

Jamani, wakati mwingine fundi anaonewa bure. Mti ukiwa hai hupandisha maji kutoka mizizini kwa vijimirija vyembamba. Ukishapasuliwa mbao, vijimirija hivyo bado vimo, na pale palipokatwa kwenye ncha viko wazi. Sasa miguu ya kabati ni nini kama si ncha? Ukiisimamisha kwenye sakafu yenye maji, inakunywa kama mtu na soda yake. Wengi wetu tunapaka vanishi mbele tu, panapoonwa na wageni. Chini hapaguswi.

Basi, kabla halijaingia bafuni, lipindue miguu juu. Hakikisha limekauka vizuri, lipige msasa laini, futa vumbi. Paka vanishi ya mafuta inayohimili maji, mikono mitatu, kila mmoja ukauke kama kopo linavyoelekeza, na katikati pitisha msasa kidogo. Ncha za miguu ziongeze mkono wa nne. Usisahau mgongo, ndani na matundu ya misumari. Fanyia kazi hiyo nje, mbali na jiko, maana vanishi inashika moto upesi.

Ikikauka, kata kandambili kuukuu vipande vinne, gongomelea chini ya miguu. Kabati liache nafasi ya vidole viwili toka ukutani, hewa ipite. Ukimaliza kuoga fungua dirisha, futa maji yaliyorukia.

Wenye kabati za chipibodi, nyie ndio mjihadhari zaidi. Ile ni chenga za mbao na gundi. Ikivimba hairudi tena, hata ukiianika juani wiki nzima. Kingo zake zilizo wazi zipakeni rangi ya mafuta mapema, na msiiweke karibu na bomba la kuogea.

Kopo dogo la vanishi ni nafuu kuliko kabati jipya, na nafuu zaidi kuliko kununiana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo!