Acheni Kumhubiria Muuzaji wa River Road

Kila mara shinikizo la damu linapotajwa nchini, hachelewi kujitokeza mtaalamu mwenye viatu vya mbio vya bei ghali kutuambia kwamba Wakenya tumekuwa wavivu. Tuamke, tukimbie, tujiunge na jimu. Vyema. Na ashuke River Road jijini Nairobi saa tano asubuhi, aingie jengo lolote lenye maduka, apande ngazi hadi orofa ya pili, amtafute huyo mvivu.

Atamkuta ndani ya kijiduka kilichokatwa kwa mbao na kioo, kisichomruhusu hata kunyoosha mikono. Mbele yake chaja na vioo vya simu, nyuma yake ukuta. Alifungua alfajiri, atafunga usiku. Akienda msalani, mteja anahamia duka la pili au bidhaa inatoweka. Chakula analetewa hapo hapo: chipsi na soda, siku nyingine chapati kwa maharagwe. Pembeni, fundi cherehani amejikunja juu ya sare za shule. Chini, dada wa M-Pesa amefungiwa nyuma ya vyuma. Kwenye stendi ya Nyamakima, dereva wa matatu anangoja gari lijae, kisha anaketi tena hadi Nakuru.

Hawa ndio wavivu? Watu hawa wanafanya kazi kumshinda anayewakemea. Kinachowapata ni ajali ya kazini, tena ajali inayokuja polepole kiasi kwamba hakuna anayeiandikia ripoti.

Mwili hausomi mahubiri. Misuli, hasa ile mikubwa ya mapaja na matako, inapofanya kazi hutumia sehemu kubwa ya sukari iliyomo kwenye damu. Ukikaa kutwa, misuli hiyo inalala, sukari na mafuta vinabaki vikizunguka, na insulini inalemewa. Damu ya miguuni nayo inapunguza mwendo. Miaka ikipita, mtu anapelekwa hospitali na kisukari, moyo uliochoka au kiharusi, na jamaa wanauliza ni nani aliyemroga.

Ushahidi haukuanza jana. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa jijini London. Kampuni ilikuwa ile ile, barabara zile zile, moshi ule ule. Kondakta alishinda akipanda na kushuka ngazi. Dereva alishinda ameketi. Ugonjwa wa moyo uliwaandama madereva zaidi. Lete somo hilo katika stendi zetu: makanga anaruka mlangoni kutwa, dereva amefungwa na usukani mpaka atimize hesabu ya mwenye gari. Ni vyama vingapi vya matatu vinavyompima dereva huyo shinikizo la damu?

Najua jibu litakalotolewa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba ni asilimia 6.5 tu ya watu wazima nchini wasiofikia kiwango cha kushughulisha mwili kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mkenya anatembea, watasema, tatizo liko wapi? Wasome na kurasa nyingine za utafiti huo huo: asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzani uliopita kiasi, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu maishani.

Na kweli Mkenya anatembea. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mwaka 2016 watafiti waliounganisha takwimu za watu zaidi ya milioni moja walionyesha kwamba mwendo wa kasi wa dakika 60 hadi 75 kwa siku unaweza kufuta sehemu kubwa ya hatari ya kukaa saa nane. Kutoka Westlands hadi River Road kwa miguu ni kama saa moja. Yaani dawa ya muuzaji wetu anayo mwenyewe, bila malipo, na mji huu ndio unaompokonya.

Barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ilifunguliwa mwaka 2022. Juu wanapita wenye magari. Chini, anayekwenda Kangemi anagombania ukingo na bodaboda. River Road kwenyewe, njia ya miguu imegeuzwa ghala na maegesho. Askari wa kanjo wanamfukuza mama mboga huku pikapu iliyopanda juu ya njia ya miguu ikiachwa kwa amani.

Msiniambie haiwezekani. Luthuli Avenue, hatua chache kutoka hapo, mwaka 2019 ilifanywa ya mwelekeo mmoja, ikapanuliwa njia za miguu, ikapandwa miti. Sera ya kaunti ya mwaka 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa watembeao na waendeshao baiskeli. Nionyesheni ilipomwagwa asilimia hiyo River Road. Waziri wa Uchukuzi John Michuki alipotaka matatu ziwe na mikanda na kila abiria akae kwenye kiti chake, mapema mwaka 2004 nchi nzima ilitii. Serikali iliyoweza kutukalisha haiwezi kutusimamisha?

Waajiri nao wasijifiche. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kazi ilinganishwe na mwili wa mfanyakazi, na inamkumbuka anayefanya kazi amesimama ili apewe mahali pa kuketi. Anayefungiwa kwenye kiti kutwa naye apewe haki ya kusimama: dakika chache kila saa, na mtu wa kumshikia duka. Kila chama cha matatu kiwe na mashine ya kupima shinikizo la damu stendini. Gharama yake haifiki popote ukilinganisha na kumsafisha damu mgonjwa wa figo.

Mwaka 2027 wagombea watakuja River Road wakiwa wamesimama juu ya paa za magari, wakitupungia mikono. Waambieni washuke. Watembee hadi Westlands kwa miguu yao, kisha warudi waombe kura.